Sufuria ya Mama Wachuka

Timu ya Chuo cha Ualimu cha Kamuiru ilipofungwa mara ya tisa mfululizo, watu wa Nyeri waliacha kuuliza kama imeshinda. Walikuwa wakiuliza tu imekula ngapi. Siku hiyo ilikuwa imekula tano, tena nyumbani, mbele ya ng'ombe wa chuo waliokuwa wakila majani nyuma ya goli na ambao, kusema kweli, ndio mashabiki pekee waliobaki hadi kipenga cha mwisho.

Kabura, mke wa mwalimu wa michezo, alisimama kando ya uwanja na sufuria yake tupu miguuni. Mabao hayakumchoma sana, maana alikuwa ameshayazoea. Kilichomchoma ni vigelegele. Kila mpira ulipoingia wavuni, akina mama waliokuja na wageni walipiga vigelegele vitano, wakivihesabu kwa vidole, kisha wakacheka hadi wakashikana mabega. Vitano, kama kwao anavyopokewa mtoto wa kiume anapozaliwa. Hiyo ilikuwa mechi ya tatu anavisikia, na hakujua ni nani aliyezaa.

Jumatatu asubuhi alijua. Alikuwa kwenye foleni ya maziwa nyuma ya zizi la chuo, na mbele yake alikuwa Wacera, mke wa mhasibu, mwanamke aliyekuwa akipata habari kabla hazijatokea.

"Kwani wewe hujui, Mama Wachuka?" Wacera alisema, tena kwa sauti ya kusikika hadi dirishani. "Ni ile njahi yako. Watu wanasema Kamuiru wanalisha wachezaji kama wanawake wametoka kuzaa. Sasa bao ikiingia, ati mtoto amekuja. Ati ni kijana!"

Foleni nzima ilicheka. Hata mpimaji maziwa alicheka akamwaga kidogo. Kabura alichukua chupa yake akaondoka kabla ya kupimiwa.

Maana ni kweli. Tangu mechi ya kwanza ya mwaka huo wa kumi wa uhuru, kila Jumamosi ya mpira Kabura aliamka saa kumi alfajiri akachemsha njahi, zile mbegu nyeusi ambazo kwao hupikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua ili damu irudi. Akaziponda na viazi vya Mweiga, mahindi, ndizi na majani ya malenge, ukawa mukimo mzito wa kusimamisha mwiko. Saa nane mchana, saa moja kabla ya mpira kuanza, aliwapakulia vijana. Alikuwa akiona hivi: mtu hapelekwi shambani na tumbo tupu, sembuse kupelekwa akapigane na watu kumi na mmoja. Mumewe Theuri alikuwa amesoma katika kitabu cha michezo kwamba mchezaji hali sana karibu na mechi. Lakini Theuri alikuwa ameoa miaka kumi na mmoja, na alikuwa amejifunza mambo mengine ambayo hayamo kitabuni.

Jumatano Theuri alirudi nyumbani jua bado halijatua, akaweka karatasi iliyopigwa chapa mezani, akakaa upande wa pili kama mgeni. Hakuvua koti.

"Prinsipali amenipa hii," alisema. "Jumamosi bodi inakuja kuona mechi ya mwisho. Wanataka ripoti, kwa nini tumefungwa msimu mzima. Ameniandikia tayari. Mimi ni kutia sahihi tu na kuisoma."

"Inasema nini?"

Theuri aliisoma polepole, akiitoa katika Kiingereza, na kila neno lilimtoka kama jino. Kwamba kushindwa kwa timu kumesababishwa na chakula kizito ambacho mke wa mwalimu wa michezo aliwapa wachezaji bila idhini ya chuo. Kwamba mama huyo amekatazwa kukaribia uwanja. Kwamba jiko la chuo halina lawama yoyote.

"Nikitia sahihi tunabaki," alisema alipomaliza. "Nyumba, kazi, shule ya Wachuka, kila kitu. Ni wewe tu hutakanyaga uwanjani tena."

"Na usipotia?"

"Doldol. Barua iko kwa meza yake. Aliigeuza ndio nisome jina langu."

Kabura aliitazama nyumba. Ilikuwa ya mawe, na bomba la maji lilikuwa hapo hapo mlangoni. Mwalimu aliyepelekwa Doldol, kule nyikani kaskazini, miaka ile alihesabiwa kama mtu aliyepotea; watu walimuulizia mwaka wa kwanza, wa pili wakasahau jina. Hata hivyo halikuwa swali la nyumba lililomtoka kinywani.

"Ni kweli, Baba Wachuka? Ni chakula yangu?"

Theuri alijikuna shingo. "Njahi saa nane, mpira saa tisa. Ni nzito, Kabura."

"Mechi tisa!" Alisimama. "Mechi tisa unaniangalia nikipakua, na mdomo unao!"

"Ningesemaje? Ulikuwa unaamka saa kumi. Ulikuwa unaimba."

Hapo Kabura aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kuufanya uso uwashe. Alikuwa amewachekesha watu wa mkoa mzima akidhani anafanya wema, na mtu wa ndani ya nyumba yake alikuwa akijua. Alichukua ile karatasi, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Usitie kitu leo," alisema. "Nipe mpaka Ijumaa."

Alhamisi alimsubiri nahodha baada ya mazoezi. Huyu aliitwa Muhammad, kijana wa Majengo pale Nyeri mjini, mtoto wa muuza nyama, mrefu na mwembamba hata jezi ilimning'inia. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa nacho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Muhammad, nataka uniambie ukweli na usiniogope. Chakula yangu ndio inawaangusha?"

Muhammad aliubana mpira kwapani. Akacheka kidogo, akaona mama hacheki, akaacha.

"Ukweli, mama? Nikishakula ule mukimo wako siwezi kuruka hata kijiti. Naona mpira unapita, moyo unaufuata, tumbo linakataa."

Machozi yalimlenga Kabura, akayakataza.

"Lakini usipouleta, mama," Muhammad aliendelea, "siwezi hata kusimama. Ile ndiyo siku moja katika wiki tunayoshiba. Wewe hujawahi kuingia jikoni kwetu?"

Hakuwahi. Wake wa walimu hawakuwa na kazi jikoni kwa wanafunzi. Basi jioni hiyo hiyo, kengele ya chakula ilipolia, Kabura alijifunga leso kiunoni akaingia kwa mlango wa nyuma. Mpishi Kahiga, mzee wa mvi aliyepika hapo tangu enzi za wazungu, alikuwa akipakua githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Upawa mmoja kwa mtu mmoja, na upawa wenyewe nusu ulikuwa maji. Juu ya maji yale vilielea vidudu vidogo vyeusi, vingi, vimechemka miguu ikiangalia juu.

"Mzee, hii gunia imetoka wapi?"

"Mama Wachuka, mimi ni mtu wa kupika. Sinunui."

"Nani ananunua?"

Kahiga aliutazama mlango kwanza. "Analeta shemeji ya Prinsipali. Tangu mwaka jana. Inakuja hivyo hivyo, imetobolewa na wadudu tayari."

"Na nyama? Mwalimu aliniambia wanakula nyama mara mbili kwa wiki."

"Nyama iko kwa ratiba, pale ukutani. Kwa sufuria haijafika." Aligonga upawa pembeni mwa chungu. "Nilisema mara moja. Nikaambiwa kuna watu wengi wanataka huu upawa."

Kabura alisimama pale hadi foleni ikaisha. Aliwaona wachezaji wake wakipita mmoja mmoja, kila mmoja akimwona na kuangalia chini, kana kwamba njaa ilikuwa makosa yao. Alipotoka nje aibu yake ilikuwa imekwisha yote. Sasa alikuwa na hasira, na alikuwa mwanamke ambaye hasira ilimpendeza.

"Hutatia sahihi," alimwambia mumewe kabla ya kufungua leso.

"Doldol, Kabura."

"Nimesikia Doldol. Nimeona pia kitu wanakula. Wewe ulikuwa unajua?"

Theuri aliinama akafungua kamba za viatu, akazifunga tena.

"Wachuka yuko darasa la nne," alisema baadaye. "Huko sijui kama shule yao ina paa."

"Atasoma chini ya paa gani, hapa? Akiambiwa kila siku mama yake ndiye aliangusha chuo?" Alimsukumia daftari. "Andika yako. Usiponitaja kwa wema, sawa, lakini usinitaje kwa uongo."

Theuri aliandika, akafuta, akaandika tena. Ijumaa nzima hawakuongea sana. Jumamosi asubuhi Kabura alimwona akitia karatasi mbili mfukoni mwa koti, ile iliyopigwa chapa na ile ya mkono. Hakumuuliza ataisoma ipi. Aliogopa kuambiwa.

Siku hiyo aliwapakulia vijana saa nne asubuhi. Viazi, mayai, uji wa wimbi, na nyama ambayo Muhammad alikuwa ameenda kuiomba kwa babake Majengo. Vijana walizunguka sufuria wakichungulia.

"Mama, njahi iko wapi?"

"Njahi mtakula siku mkizaa," Kabura alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo wote walicheka pamoja. "Kuleni mapema, mlale kidogo. Saa tisa nataka kuona watu wakikimbia."

Wanabodi walifika saa sita, wazee saba na mama mmoja, wakaketishwa ukumbini chini ya karatasi za rangi zilizotundikwa kwa ajili ya sherehe za miaka kumi ya uhuru. Mezani kulikuwa na kuku, wali na chapati. Prinsipali Ndungu, mtu nadhifu aliyevaa tai hata kwenye mazishi ya shambani, alikuwa amegawa kazi kwa wake wa walimu. Wacera alipewa kuku. Kabura alipewa birika na beseni la kunawisha mikono. Wacera alimpitia karibu na sinia lake, akasema chini chini, "Pole, mama." Safari hii hakucheka.

Kabura alimnawisha kila mmoja, mgongo umeinama. Mwenyekiti, Mzee Wamae, mkulima wa kahawa mwenye mikono mikubwa iliyopasuka, alimshukuru. Ndungu alinyoosha mikono bila kumtazama, akaendelea kuongea juu ya kichwa chake.

"Mwenyekiti, kabla hatujala, mwalimu wetu wa michezo yuko na ripoti fupi. Itaeleza hii aibu imetoka wapi."

"Asome kwa Kiswahili," alisema Mzee Wamae. "Hapa wengine tulisomea shambani."

Theuri alisimama. Alitoa karatasi mfukoni, na Kabura akaona kwamba ni ile iliyopigwa chapa. Birika likawa zito ghafla.

"Kushindwa kwa timu ya chuo," Theuri alianza, "kumesababishwa na chakula kizito ambacho wachezaji walipewa na..." Alikitazama chumba, akamtazama mke wake na beseni la maji machafu mikononi. Kisha akaikunja karatasi ile, akaiweka mezani mbele ya Ndungu.

"Hii nimeandikiwa," alisema. "Yangu ni hii nyingine."

Aliisoma bila kuinua macho. "Wachezaji wangu wamefungwa mechi tisa. Walikuwa na njaa. Mimi nilijua nikanyamaza, kwa sababu nyumba ninayolala ni ya chuo. Mke wangu hakujua, lakini aliona vijana wamekonda, akapika. Alikosea saa. Mimi nilikosea kila kitu kingine."

Ndungu alicheka, kicheko cha mtu anayewaomba wenzake wacheke. "Njaa! Wazee, hawa watu wanakula mara tatu kwa siku. Nyama iko, maharagwe iko. Huyu mwalimu anaficha mke wake. Mama mwenyewe ndiye huyo, muulizeni."

Hakuna aliyemuuliza. Kabura aliweka birika chini, akatoka. Ndani walisikia viatu vyake vikienda upande wa jikoni, na baada ya muda vikirudi. Aliingia na sahani ya bati ya wanafunzi, akaiweka katikati ya kuku na chapati, mbele ya Mzee Wamae.

"Hii ndio ya leo, mzee. Bado iko moto."

Mzee Wamae alichukua kijiko, akakoroga maji yale. Punje chache za mahindi zilizunguka. Alikileta kijiko karibu na macho.

"Na hii nyeusi inaelea ni nini?"

"Ni nyama, mzee," Kabura alisema. "Ndio ile nyama yao."

Mtu mmoja alicheka akajikatiza. Ndungu alifungua kinywa, akaeleza kwamba ni gunia moja tu, kwamba mvua, kwamba ghala, kwamba mpishi ni mzee. Mzee Wamae alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliisukuma sahani yake ya kuku bila kuionja, akatafuta kofia yake.

"Twendeni tukaone hao watoto wakicheza," alisema.

Kuku wa siku hiyo waliliwa na wapishi.

Ningependa kusema Kamuiru ilishinda. Haikushinda. Wageni walikuwa wametoka Kutus, vijana wenye mapaja, na walikuwa wanaongoza ligi. Lakini kwa muda wa saa nzima hawakuamini walichokiona, maana timu waliyokuja kuifanyia mzaha ilikuwa ikikimbia. Dakika ya thelathini Muhammad aliruka kwenye kona, akaruka juu kabisa, akaupiga kwa kichwa ukaingia. Kabura alipiga vigelegele peke yake. Kimoja, viwili. Cha tatu alimsikia Wacera kando yake akikidaka, na cha tano walikuwa wake wote wa walimu, hata yule aliyekuwa na mtoto mgongoni akilia.

Kutus walisawazisha, na dakika za mwisho wakapata la pili. Mechi kumi, vichapo kumi. Hata hivyo wachezaji wa Kamuiru hawakutoka uwanjani mbio kama ilivyokuwa desturi yao. Walitembea polepole, wakapeana mikono na kila mtu, na Mzee Wamae aliteremka hadi mstarini akawapa mkono wake ule mkubwa, mmoja mmoja.

Wiki iliyofuata magunia mapya yalifika jikoni, na lori la shemeji halikuonekana tena. Hakuna aliyeeleza chochote. Bodi ilisema inachunguza, na kwa kuwa uchunguzi haukatwi katikati, Ndungu alibaki ofisini na tai yake. Siku ya Alhamisi barua ya Doldol ilifika, imepigwa muhuri, na Theuri alitakiwa kuhama kabla ya mwisho wa mwezi.

Theuri aliisoma mara mbili, akampa mkewe. Alikuwa amekonda wiki hiyo lakini alikuwa akilala usingizi, na Kabura alikuwa amegundua kwamba mumewe, asipoogopa, hukoroma.

"Umejuta?" Kabura alimuuliza.

"Kidogo, nikifikiria bomba." Akafikiri. "Si sana."

Siku ya kuhama timu nzima ilikuja bila kuitwa. Walibeba kitanda, meza, kabati, masanduku na kuku wawili, wakapakia kwenye lori la kukodi, huku Wachuka akiwaamrisha kama jemadari. Kabura alipika vyote vilivyobaki ndani, maana hakuona sababu ya kusafirisha njahi. Wakati wa mchana vijana waliketi uani, wengine kwenye benchi ambalo lilikuwa bado halijapakiwa, wengine chini, wakila bila haraka, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na mechi.

Hapo ndipo Prinsipali Ndungu alipotokea kwenye njia, amevaa vizuri, akiwa peke yake.

"Mama Wachuka, nimekuja kuchukua ufunguo. Mwalimu mpya anangoja na vitu vyake."

"Karibu, Prinsipali. Muhammad, sogea, mpe mzee nafasi."

"Sina muda wa kukaa."

Kabura alikuwa ameshachota. Alijaza sahani kipimo cha mchezaji, mukimo umepanda kama kichuguu, akaongeza mwiko mmoja zaidi, akaja akamtilia mikononi. Ndungu aliipokea kwa sababu vinginevyo ingeanguka juu ya viatu vyake.

"Mimi nimeshakula," alisema.

"Kwangu mtu hatoki na njaa." Kabura alitoa ufunguo kwenye fundo la leso, akauonyesha, akaufumbata. "Ufunguo utapata ukimaliza."

Vijana wote walikuwa wameacha kula. Ndungu aliwatazama, na kati ya sura zile hakupata hata moja iliyogeuka upande. Alimtazama Theuri, aliyekuwa juu ya lori akifunga kamba. Theuri alikaza fundo, akalijaribu kwa mkono, akaketi juu ya meza yake mwenyewe kungojea.

Basi Ndungu aliketi mwisho wa benchi, akaitupa tai yake begani isiguse chakula, akashika kijiko. Mukimo ulikuwa mzito na ulikuwa mtamu, na ulimchukua muda mrefu. Kabura alisimama mbele yake ufunguo mkononi hadi sahani ikawa nyeupe. Kisha akamuuliza kama aongezewe.